Faini ya Uso

Kwenye daftari la mahari la ukoo mmoja wa Sengerema, kati ya "kufungua mdomo" na "blanketi la bibi", kuna mstari umeandikwa kwa kalamu ya bluu: Faini ya uso wa mshenga, 30,000/=. Mshenga ni mimi. Hela nililipa papo hapo, na mpaka leo nasema nilionewa.

Mimi ni mtu wa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nanunua dagaa na kuuza dagaa. Kazi yenyewe ni ya juani, maana dagaa haanikwi kivulini, na mnunuzi asiyesimama palepale anapoanikwa atauziwa mchanga. Ni mweusi wa kutosha na sijawahi kulalamika. Shida yangu ilikuwa ndevu. Nikinyoa, vipele. Vipele vikipona, madoa. Madoa nayo yakaanza kutafutana na kuungana, mpaka kidevu kikawa na rangi yake na mashavu yana ya kwao.

Daktari wa ngozi alinieleza vizuri. Unywele uliokatwa na wembe unajikunja, unarudi ndani, ngozi inavimba, ikitulia inaacha weusi. Na weusi huo ukiupeleka juani kila siku, hauondoki, unanenepa. Nikamwambia, "Daktari, mimi nimezaliwa na mwavuli." Akasema mwavuli ninao kweli, ngozi nyeusi kabisa inakadiriwa kujikinga kwa kiasi cha SPF 13 hivi (SPF ndicho kipimo cha kinga ya jua), lakini huo unapunguza kuungua tu, madoa hauyazuii. Akaniuliza kama najua Mwanza iko wapi. Swali gani hilo kwa mtu aliyezaliwa Mabatini! Akasema tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo mwaloni linanipiga jua la juu na lingine linarudi kutoka majini. Nilishajaribu sanskrini ya kawaida, yale mafuta ya kukinga jua, ikaniwasha kwenye vipele, jasho likaiingiza machoni nikashindwa kusoma mizani (na aliyekuwa ananipimia akaisoma kwa niaba yangu, hasara yake naijua mwenyewe). Basi akashauri ya madini, SPF 30 kwenda juu, nijaze vidole viwili, cha shahada na cha kati, kutoka shina mpaka ncha, ndicho kipimo cha uso na shingo. Nikiwa nje nirudie kila baada ya saa mbili. Habari ya rangi hakuigusa.

Aliyeninunulia ni dada yangu anayeuza vitenge Makoroboi. Muuzaji alimwambia ni ya ngozi zote. Mnapoambiwa kitu ni cha wote, ulizeni hao wote ni akina nani.

Siku ya safari ya posa kwenda Sengerema nilijipaka alfajiri, kwenye taa ya chumbani ambayo mama watoto anaisifia kwa kula umeme kidogo. Vidole viwili, kama nilivyoagizwa. Nikaona uso umepauka kidogo nikadhani ni usingizi. Tulikuwa watatu: mjomba wangu, mwenye mtoto wa jicho anayesubiri upasuaji; rafiki yangu Mhaya, aliyekuja kama shahidi; na mimi, mdomo wa ukoo. Tulikuwa tumeshakuwa na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji tangu Juni 2025, lakini mjomba akasema posa haiendi kwa daraja, posa inavuka maji. Tukapanda kivuko cha Kamanga.

Kivuko kikaondoka, jiwe la Bismarck likabaki nyuma, upepo mtamu, jua limeshakaza. Saa mbili zilikuwa zimepita, nikatoa tyubu nikarudia dozi. Kioo sikuwa nacho. Mtoto aliyekaa mbele yangu na yai lake la kuchemsha akaacha kutafuna. Mama yake akamgeuza taratibu akatazama upande wa Ukerewe. Rafiki yangu Mhaya aliona kila kitu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunishtua, akajibu alidhani ni mila ya Wasukuma wakienda kuposa, akaona adabu kunyamaza.

Tulifika mchana wa jua kali. "Mwadila!" nikasalimia kwa sauti ya mshenga. Walioitikia ni wachache, wengine walikuwa wananitazama. Bibi wa binti, aliyekuwa kwenye mkeka, akawaambia wajukuu zake bila kushusha sauti, "Mgeni ametoka mashineni huyu. Mpeni maji anawe unga kwanza, na chakula mharakishe, mtu asiyenawa baada ya kusaga ana njaa."

Nikacheka nikijua ni utani wa wakwe. Baba wa binti akainuka kunipokea. Mzee mrefu, koti jeusi la suti, lile la harusi na misiba, limenyooshwa mpaka unaona mstari wa pasi. Akanikumbatia kwa heshima zote. Nami kwa kimo changu nikamfikia begani, nikatulia hapo kidogo, maana mkwe hakumbatiwi kwa haraka.

Tulipoachana uso wangu ulibaki. Paji la uso, pua na shavu la kushoto, vyote begani kwake, vyeupe, vimekaa sawasawa. Kwa alama ile polisi wangeweza kunitafuta.

Kimya. Kisha msemaji wao akasema, "Hapo tusimame kwanza."

Anayejua mazungumzo ya mahari anajua kwamba msemaji wa upande wa binti huamka siku hiyo akiomba Mungu mkosee. Ukikaa kabla ya kuambiwa, faini. Ukimwita mzee kwa jina, faini. Yule bwana alikuwa amejiandaa kwa makosa ya kawaida, mimi nikamletea la bure, jipya. Macho yalimng'aa.

"Kijana," akaanza, "serikali imepiga marufuku zebaki kwenye vipodozi. Imepiga marufuku hidrokwinoni. Wewe unatuposea binti ukiwa na mkorogo usoni?"

"Mzee wangu, mkorogo unachubua ngozi. Hii haichubui, inakaa juu tu."

"Tunaona inakaa juu. Imekaa hadi kwenye koti."

Nikatoa tyubu mfukoni kama ushahidi. Ikapita mkono kwa mkono, ikafika kwa mjomba wa binti, mwalimu mstaafu wa sayansi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya kusahihisha mitihani. "Zinki oksaidi. Zinki si ndiyo inayopakwa kwenye mabati yasishike kutu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Titani dioksaidi. Hii imo kwenye rangi nyeupe ya ukutani." Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo umejiezeka, halafu ukajipiga rangi. Madirisha lini?"

Ukumbi ukalipuka. Mjomba wangu, ambaye ndiye niliyemtegemea anitetee, alicheka kuliko wenye nyumba, na nina hakika hakuwa ameona kinachochekwa. Kijana mmoja akawasha simu anipige picha. Mle ndani palikuwa na giza, mweko ukafanya kazi yake: kwenye ile picha watu wote wanaonekana kawaida, mimi ndiye taa. Ilifika kwenye kundi la ukoo wetu WhatsApp kabla sijapata hata soda, na mpaka tunarudi Kirumba wachukuzi walikuwa wameshanibatiza jina la Sembe.

Haki ya mwalimu nimpe. Alipomaliza kucheka alinitetea kwa somo zima. Aliwaeleza wazee habari ya miale ya urujuanimno, kwamba jua tunaloliona siyo jua lote, na kwamba unga ule wa madini ndio unaoikamata miale kabla haijaingia ndani ya ngozi. "Kijana hajakosea dawa," akasema. "Na weupe huo ni ushahidi amepaka kipimo kamili. Wengi wanapaka kidogo ili wasionekane, halafu wanalalamika haifanyi kazi." Nikadhani nimeokoka. Msemaji akamshukuru mwalimu kwa elimu, akaandika elfu thelathini. Mwalimu ni wa upande wao.

Kunawa nako kulikuwa kesi nyingine. Nilipelekwa uani na beseni na kipande cha sabuni ya mche. Maji yakawa yanateleza juu ya uso yakiondoka kama yalivyokuja, na sabuni ikauhamisha ule weupe kwenye nyusi na ndani ya masikio. Kwenye tyubu palikuwa pameandikwa kwamba inastahimili maji, na katika mambo yote iliyoahidi hilo ililitimiza kwa moyo. Bibi ndiye aliyeniokoa. Alikuja na kikombe cha mafuta ya alizeti, akamimina kiganjani mwangu. "Kilichoingia na mafuta kinatoka na mafuta. Sugua kwanza, maji baadaye." Uso ukatoka wote. Nikarudi ukumbini nameremeta kama samaki aliye tayari kwa kikaango, lakini rangi ilikuwa yangu.

Wakati wa kuagana mwalimu alinirudishia tyubu yangu. "Mimi ningekuwa nimeitengeneza hii ningetia kutu humo," akasema. "Oksaidi za chuma. Ni ngeu tu, ile wanayojipaka Wamasai. Ingekuwa kahawia, ukafanana na watu."

Nilidhani bado ananitania. Kumbe vitu hivyo vipo madukani. Daktari nilipomsimulia, alicheka kwanza akapangusa macho, kisha akathibitisha: zenye rangi zimetiwa oksaidi za chuma, na kwa mtu mweusi mwenye madoa zinafaa zaidi, kwa sababu madoa yetu hayachochewi na urujuanimno peke yake, hata mwanga huu wa kawaida unaoonekana unayachochea, na oksaidi za chuma zinaupunguza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya kwanza. Akasema sikuuliza. Nami ningeulizaje!

Ila kupata rangi yenyewe, jamani. Dukani waliniletea "kahawia" ambayo ukiipaka unakuwa wa waridi. Wakaleta nyingine ya chungwa. Wakaleta moja iliyoandikwa inakubali kila ngozi, nikaiweka chini bila kuifungua, tulishafahamiana. Binti wa dukani alikuwa anataka kunijaribishia mgongoni mwa mkono. Nikamwambia mkono wangu hauendi kuposa, weka hapa kwenye taya, karibu na shingo. Kisha nikatoka nayo mpaka mlangoni juani, nikasimama mpaka ikakauka, maana ikiwa mbichi zote zinapendeza, na mwisho nikamwomba anipige picha kwa mweko. Wapita njia walisimama kuangalia. Ile iliyofaulu ilikuwa nyeusi kuliko zote, iko nyuma kabisa ya kabati, ina vumbi. Nilisoma tarehe ya kuisha, nikakuta ina uhai wa kutosha. Bei yake sitaitaja, mama watoto anajua kusoma.

Tuliporudi Sengerema kumalizia mahari, nilikuwa nimejipaka vidole viwili kamili na hakuna aliyejua. Baba wa binti alinipa mkono tu, kwa mbali. Koti lilikuwa limepona. Tukasoma orodha: ng'ombe, mbuzi wa mjomba, shuka za shangazi, blanketi la bibi. Msemaji akakohoa, akasema kuna nyongeza ndogo.

"Mwalimu ametuambia usoni umepaka."

"Nimepaka, mzee wangu."

"Haionekani."

"Ina kutu."

Bibi akanong'ona kitu sikioni mwa msemaji. Ana mjukuu mvuvi, anashinda ziwani na mashavu yana madoa kama yangu ya zamani. Msemaji akachukua kalamu ya bluu. "Andikeni: mafuta ya uso ya mshenga, tyubu mbili. Ya kahawia. Ya unga hatupokei."

Nikataja bei yake, na ukumbi ukanyamaza. Mjomba wangu akajikohoza, akauliza kama tyubu mbili zile zinaweza kuhesabiwa kuwa ndama mmoja.

"Ndama dume au jike?" akauliza msemaji, na tukaanza upya kabisa.