Kumbukumbu za Serikali Mwanza: Maji Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zake, na hairuhusu kuziteketeza bila idhini. Ugumu unaanza pale masijala inapojaa na majalada yaliyofungwa yanahitaji stoo. Marekani kanuni zao ni kali: jengo la kumbukumbu za kudumu liwe mita 1.5 juu ya eneo la mafuriko ya miaka 100 (makubwa yanayokadiriwa kutokea mara moja kwa karne) na mita 30 kutoka hapo, au likingwe kwa ukuta.

Wanaopinga ukali huo kwetu wana hoja. Mwanza imebanwa kati ya mawe na maji, na tambarare iliyobaki mara nyingi ni ile ya Mto Mirongo au ufukweni. Ukihamishia majalada ya ardhi na ya watumishi mbali na mji, mstaafu anayefuatilia mafao ndiye anayeumia.

Hata hivyo Ziwa Victoria halitusubiri. Mwaka 2020 maji yalipita rekodi ya 1964. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini kwenye tambarare mita 60 za kwenda mbele zinaweza zisikupandishe hata mita moja. Kwa karatasi, kinachookoa ni mwinuko.

Basi tupandishe ghorofani? Hapo uzito unaingia. Mita moja ya rafu iliyojaa majalada ina kilo 40 hadi 50. Rafu sita zikipangwa juu kwa juu, unakaribia kilo 300 kwenye nafasi isiyofika nusu mita ya mraba. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Mhandisi apime kabla rafu hazijafungwa, si baada ya nyufa.

Kwenye kiyoyozi ningelegeza. Kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku, au kukatika na umeme, hupandisha na kushusha unyevu kila siku, na karatasi huchoka. Afadhali madirisha ya juu yenye wavu pande mbili, rafu za chuma zilizoachana na ukuta, ya chini kabisa ikiwa sentimita 15 kutoka sakafuni, na kipima unyevu kinachosomwa kila asubuhi. Kikivuka asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unakuja. Majalada yasifungwe kwenye nailoni, maana unyevu hunaswa humo, na pini za chuma zitolewe kabla ya kutu.

Yakilowa, una saa 48 za kuyaanika kivulini kwa feni.