Mangi, Barafu za Ukwaju na Nyuzi 127

"Fundi, njoo mbio aisee! Mashine imefika 127!"

Aliyepiga ni Mangi mmoja mwenye steshenari jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Ilikuwa Februari, mwezi ambao hata mbwa wa mjini wanachagua upande wa barabara wa kupita. Nikataka kumwambia kwamba kwa huku kwetu maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi kama 97, kwa hiyo kompyuta yenye 127 ingekuwa imeshawaita zimamoto yenyewe. Simu ilishakatwa.

Nikapanda bodaboda.

Kasha la kompyuta lilikuwa juu ya rafu, ubavu mmoja wazi. Feni ya mezani inalipuliza kutoka kushoto, kijana wa dukani analipepea kwa kava la faili kutoka kulia. Na juu yake, zimepangwa kwa adabu zote, barafu za ukwaju, zile za mifuko ya nailoni anazouza mama wa jirani. Mangi alikuwa amenunua deli zima.

Sasa, barafu ya ukwaju ina fundo, na fundo la mojawapo lilikuwa limelegea. Ukwaju ukawa unateremka kwenye bati, bahati nzuri upande uliofungwa, na kudondoka tone kwa tone ndani ya printa iliyokuwa rafu ya chini. Printa haikulalamika. Ilikuwa inatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mteja. Karatasi ikatoka na mchirizi wa kahawia kuanzia jina la baba mpaka kwenye muhuri, na kipande cha ukwaju kimekaa juu ya tarehe. Mteja akaishika kwa vidole viwili, akainusa.

"Zima hiyo printa!" nikapiga kelele.

"Printa haina homa, Fundi. Angalia hapa!"

Kweli, programu ya kupima joto ilikuwa na mistari kadhaa, na mmoja ulikuwa mwekundu: 127. Lakini haukuwa wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ulikuwa wa tundu la akiba kwenye mazabodi, ile sahani kuu ya umeme ndani ya kasha, ambalo halijachomekewa kipima joto chochote. Tundu la hivyo hurudisha namba yoyote ile, na 127 hutokea sana kwa sababu kipimo kinachoandika namba kwa biti 8, chanya na hasi, hakiwezi kuvuka hapo. Nikagusa kipoza joto cha prosesa: vuguvugu tu. Isitoshe, prosesa ya Intel ikigonga kikomo cha joto hupunguza kasi yenyewe, na ikizidi hujizima. Hii ilikuwa inapiga kwaya bila kukatika.

Mangi akatulia. Halafu macho yake yakashuka mpaka mstari wa prosesa.

"Mbe, hapa inasema 30."

"Ndiyo."

Akageukia kipima joto cha ukutani. 33. "Yesu! Sasa imepata baridi! Ni hizi barafu!"

Kijana akaacha kupepea.

Ikabidi nivute kiti. Ile ilikuwa prosesa ya zamani, Core 2 Duo ya Intel, na kipimo kilichomo ndani yake hakisemi joto ni nyuzi ngapi. Kinasema zimebaki ngapi kufika kikomo. Zilikuwa zimebaki 55. Programu ndiyo inayotakiwa kujua kikomo, kisha itoe hizo zilizobaki. Yake ilikuwa inakisia 85 wakati prosesa ile kikomo chake ni 100. Kwa hiyo joto ni 45, si 30, maana feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayopulizwa. Na hata hiyo 45 mimi siiapii: vipimo hivi husema kweli zaidi karibu na kikomo, mashine ikiwa imetulia vinapotoka kwa nyuzi kadhaa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika 100.

"Kwa hiyo nilikuwa napoza tundu?"

"Tundu, Mangi."

Akaitazama printa. Sisimizi walikuwa wameshapata habari.

Nikamtajia elfu kumi na tano, nauli humohumo, printa ni kazi nyingine. Akakunja mikono.

"Ya nini, Fundi? Ile 127 si bado ipo?"

"Mangi, nimekueleza kwamba pale hakuna..."

"Fundi wa kweli angeishusha."

Nikabofya, nikauficha ule mstari.

"Eeh! Kumbe unaweza," akasema, akafungua droo ya hela.