Tumbo Lililofundishwa Kudai

Wiki iliyopita dada yangu alinionyesha ratiba aliyopewa na mshauri wa lishe: milo sita kwa siku, kila baada ya saa mbili na nusu, na simu imewekewa kengele asije akasahau. Ameifuata mwezi mzima bila kukosa. Kilichonichoma ni neno alilolisema huku anaikunja ile karatasi: "Siku hizi nashinda na njaa. Zamani sikuwa hivi." Alipomweleza mshauri wake, akaambiwa hiyo ni dalili njema, mwili umeamka.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Wanaohubiri milo sita hufananisha mwili na moto: utie kuni kidogo kidogo, usizimike, nao utaunguza mafuta mchana kutwa. Ni kweli kumeng'enya chakula kunatumia nguvu, takriban asilimia 10 ya kalori ulizokula. Lakini asilimia 10 ya kalori 2,000 ni 200, uzile kwa mara tatu au kwa mara sita. Hesabu hii haihitaji maabara.

Njaa ndiyo inayoniuma zaidi, maana hapo mtu anaharibiwa kitu alichokuwa nacho kizima. Tumbo hutoa homoni ya njaa iitwayo ghrelin, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Tena hujifunza saa zako. Aliyezoea kula saa saba mchana, njaa humjia karibu na saa saba. Asipokula, wimbi lile hupanda, kisha hushuka lenyewe ingawa hakutia kitu kinywani. Sasa mfundishe mtu huyo kula mara sita. Umempa nyakati sita za kudai, na kila mlo ni mdogo kiasi kwamba haonji shibe ya kweli hata mara moja. Ananyanyuka mezani akiwa bado anatamani, akiisubiri kengele.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapa watu walewale chakula cha kiasi kilekile, kwanza kwa mgawanyo mmoja, kisha kwa mwingine: milo mitatu na milo sita. Mafuta yaliyounguzwa hayakutofautiana. Walipokula mara sita, njaa na hamu ya kula viliongezeka. Ni yaleyale ya dada yangu, na yeye akapongezwa kwayo!

Wengine watanitajia utafiti wa mwaka 1989 wa wanaume saba waliokula vitafunio 17 kwa siku, kolesteroli yao ikashuka. Sawa, ilishuka. Ulikuwa wa wiki mbili, na sijui maisha gani yana nafasi ya kula mara 17. Upande wa pili, mjini Prague, Cheki, mwaka 2014, wagonjwa 54 wa kisukari cha aina ya pili walipungua uzito zaidi kwa milo miwili mikubwa, asubuhi na mchana, kuliko kwa sita midogo yenye kalori zilezile.

Meno nayo: kila ukila chenye wanga au sukari, asidi inayashambulia upya.

Nakiri wapo wanaohitaji kula kidogo kidogo: watoto wadogo, mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu, aliyepasuliwa tumbo, na anayetumia insulini asibadilishe saa za kula bila daktari wake. Na anayeruka mlo ili usiku afidie maradufu hajajisaidia. Lakini dada yangu hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa mtu mzima mwenye afya, anakula mara tatu, anashiba, anasahau chakula mpaka wakati wake ufike.

Jana nilimwomba azime zile kengele. Amekubali kujaribu wiki mbili. Nimemwonya kwamba siku za mwanzo tumbo litaendelea kudai saa zilezile lilizofundishwa, na ikifika saa nne na nusu asubuhi atadhani anakosea. Asile kwa hofu. Anywe maji, anipigie simu, tuongee mpaka wimbi lipite.