Barua pepe za otomatiki na dalali wa nyumba: zinamsaidia wapi, zinamharibia wapi

Anayetafuta nyumba leo huenda asinunue hadi mwakani. Mkopo haujapita, mwenzake hajakubali eneo, mkataba wa kupanga haujaisha. Dalali hata awe mchapakazi vipi hawezi kuwakumbuka watu mia tatu wa namna hiyo, nani alitaka vyumba vingapi na kwa bei gani. Programu ya kutuma barua pepe za otomatiki inakumbuka. Mtu akijaza fomu kwenye tovuti saa nane za usiku, anajibiwa papo hapo, na kila nyumba inayolingana na alichoomba ikiingia sokoni, anapata taarifa. Kwa dalali anayeanza, asiye na ofisi kubwa wala wasaidizi, huo si msaada mdogo.

Hapo watetezi wa mfumo huu wana hoja, nami niko upande wao. Tunaachana pale wanapotaka mashine iliyopewa kazi ya kukumbuka ifanye na kazi ya kuzungumza. Mteja ameomba nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Siku ya pili analetewa jumba la kifahari linalouzwa. Siku ya tano anapata ujumbe unaojidai umeandikwa kwa mkono: “Nilikuwa nakufikiria leo asubuhi.” Anajibu kwa swali la kweli, kama maji yanapatikana muda wote, na kesho yake anapokea barua ya sita katika mfululizo uliopangwa mapema, kana kwamba hakusema kitu. Wapo hata wanaoulizwa “Bado unatafuta nyumba?” na dalali yuleyule aliyewakabidhi funguo mwezi uliopita. Mtu wa hivyo hakasiriki sana; anabofya tu kitufe cha kuripoti barua taka.

Na kitufe hicho kina gharama ambayo madalali wengi hawaioni. Kanuni za Gmail zilizoanza kutumika mwaka 2024 zinawataka watumaji wote, wakubwa kwa wadogo, waweke malalamiko ya namna hiyo chini ya asilimia 0.3. Maana yake, katika barua elfu moja zilizofika, wakilalamika watu watatu tayari umegusa mpaka. Ukishaharibu sifa ya anwani yako, hasara haiishii kwenye matangazo: hata barua ya kuthibitisha miadi ya kwenda kuona nyumba inaweza kuangukia kwenye taka, na mteja aliyekuwa tayari kununua asiione. Ndiyo maana kununua orodha ya anwani za watu wasiokujua ni kujichimbia kaburi, hata muuzaji wake akiapa kwamba ni “wateja moto”, yaani walio tayari kununua.

Sheria nazo hazifanani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2003, unaweza kumwandikia mtu bila kumwomba ruhusa kwanza, mradi umwonyeshe njia ya kujiondoa na uheshimu ombi lake ndani ya siku 10 za kazi. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: tangu Mei 2018, mtu akipinga taarifa zake kutumika kwa matangazo, ni lazima yakome.

Wauzaji wa programu hizi hupenda kujitetea kwa takwimu za barua zilizofunguliwa. Nazipokea kwa tahadhari. Kipimo hicho hutegemea picha ndogo isiyoonekana ambayo hupakuliwa barua inapofunguliwa, na tangu 2021 Apple imewapa watumiaji wa programu yake ya barua kinga inayopakua picha hizo yenyewe, mtu awe amesoma au hajasoma. Bora kuhesabu waliojibu na waliokwenda kuona nyumba. Ni wachache, lakini ni watu.

Wapinzani nao wana lao la kujibu. Husema biashara ya nyumba ni ya kuaminiana, kwa hiyo dalali apige simu. Simu ngapi, na saa ngapi? Barua humngoja mtu hadi apate nafasi. Simu humkatiza kazini. Kwa taarifa ya nyumba mpya au bei iliyoshuka, barua ni ya heshima zaidi. Kwa mazungumzo ya bei, hapana. Mfululizo ukatike pale mteja anapojibu kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo aandike binadamu.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Matapeli huingia kwenye barua pepe za madalali au mawakili, husoma mazungumzo kimyakimya, kisha malipo yakikaribia humwandikia mnunuzi kwamba akaunti imebadilika. Akiba ya miaka huondoka kwa barua moja. Mteja aliyezoea kubofya kila kinacholetwa na mfumo wenye nembo ya dalali wake ni rahisi kumnasa. Kwa hiyo kama kuna ujumbe mmoja wa otomatiki ambao kila dalali angepaswa kuutuma, tena mwanzoni kabisa, ni huu: hatutakutumia kamwe mabadiliko ya akaunti kwa barua pepe, ukiletewa, usilipe, tupigie kwa namba tuliyokupa tulipoonana.