Kwaya yetu imerudi karne ya 10, tena kwa WhatsApp

Alhamisi saa nne usiku ikaingia voisi kwenye grupu ya kwaya, mwalimu anaimba sauti ya tena (tenor, ile ya juu ya wanaume), nyuma inasikika bajaji inapita, mwisho anasema "matena shikeni hii, Jumapili tunaimba". Basi. Jumapili matena tuko sita tukaingia na sauti nne tofauti, maana pale bajaji ilipopita kila mtu alijazia ya kwake.

Nikamkumbuka Isidore, askofu wa Sevilla kule Hispania karne ya 7, aliyeandika kwamba sauti za muziki zisipokaa kwenye kumbukumbu ya mtu zinapotea, kwa sababu haziandikiki. Kwa wakati wake hakukosea. Wagiriki wa kale walikuwa na alama zao za muziki, na kuna kipande cha papirasi kilichopatikana Oxyrhynchus, Misri, cha mwishoni mwa karne ya 3, wimbo wa Kikristo wa kusifu Utatu wenye alama za sauti juu ya maneno, na upande wa pili wa papirasi hiyohiyo kuna hesabu za nafaka (wabana matumizi hawakuanza leo). Lakini ujuzi ule ukapotea, wamonaki wa magharibi wakabaki wanakariri. Karne ya 9 wakaanza kuweka vialama juu ya maneno, hapa panda, hapa shuka, ila upande kiasi gani hukuti popote, kwa hiyo kama wimbo huujui tayari vialama vile ni mapambo tu.

Ndipo akaja Guido, mmonaki wa Italia karne ya 11. Huyu kwangu ndiye shujaa wa muziki wa kanisa, kuliko hata watunzi wakubwa, maana alikuwa mwalimu wa kwaya aliyechoka. Alilalamika kwamba waimbaji wanamaliza miaka kumi wakijifunza na bado wimbo mpya hawauwezi bila mwalimu kuwaimbia kwanza. Akachora mistari, wa fa akaupaka nyekundu, wa do njano, na alama zikakaa juu yake au katikati yake, ukitazama unajua uko wapi. Wenzake kwenye monasteri ya Pomposa wakamwonea wivu, akahamia mji wa Arezzo, na miaka ya 1020 na 1030 hivi papa mwenyewe, Yohane wa 19, akamwita Roma aone hiyo kitu. Inasemwa papa alijaribu pale pale akaimba mstari ambao hajawahi kuusikia.

Na zile do re mi tunazoimba mazoezini zimetoka kwake. Alichukua wimbo wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ambao vipande vyake sita vya mwanzo kila kimoja kinaanza ngazi moja juu ya kilichopita, akachomoa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kuwa do baadaye sana. Na wimbo wenyewe unaomba nini? Mtakatifu atakase midomo ya watumishi wake ili waweze kuimba kwa sauti zilizofunguka. Mtu aliyeimba misa ya pili na koo limekauka anaielewa hiyo sala vizuri mno. Ndiyo silabi hizohizo Waingereza wa karne ya 19 wakazigeuza herufi, d, r, m na vinukta vyake, wamisionari wakatuletea, wazee wetu wakazisoma bila hata kinanda.

Najua kuna atakayesema mbona Ethiopia wameimba karne na karne kwa kichwa tu. Kweli kabisa. Kwa mapokeo yao Mtakatifu Yared wa Aksum, karne ya 6, alishindwa masomo akakimbia, akakaa chini ya mti akamwona kiwavi anapanda anaanguka, anapanda anaanguka, mpaka akafika, naye akarudi darasani. Lakini wale wanakaa na mwalimu miaka na miaka, wanasahihishwa uso kwa uso, na hata wao karne ya 16 wakaanza kuweka alama zao. Sisi miaka hiyo hatuitaki, mistari ya Guido hatuitaki, tunataka voisi ya dakika tatu.

Nilimwambia mwalimu atutolee nota tufundishwe kusoma, Jumamosi moja kwa mwezi tu. Akasema watu wako bize. Jana usiku imeingia nyingine, ya Shangilio, ule wimbo wa kabla ya Injili, dakika nne na sekunde kumi, sijaifungua bado.