Lita moja inabeba watu wangapi?

Nitasema jambo ambalo wenzangu wengi wa huku Uingereza watalikataa: Land Cruiser kuukuu, lile la injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, ni gari linalobana mafuta. Sisemi likiwa Reading ninakoishi. Nasema likiwa barabara ya Chalinze kwenda Segera, watu tisa ndani, mizigo imefungwa juu ya keria.

Tuanze na huku. Mimi pia nina dizeli kubwa ya familia, Land Cruiser ya lita 3, ile ambayo nyumbani tunaiita Prado. Uzito wake ni karibu tani mbili. Waingereza hupima ulaji wa mafuta kwa maili kwa galoni, ingawa sheli zao zote huuza kwa lita, kwa hiyo kila mtu anatembea na hesabu ya lita 4.55 kwa galoni kichwani. Makaratasi ya gari kama langu yanakuahidi maili 30 kwa galoni, yaani kilomita kumi na nusu hivi kwa lita. Ahadi hiyo ilipatikana maabara, gari likiwa juu ya mashine, chumba kikiwa na joto la nyuzi 20 na zaidi, mwendo wa taratibu. Mimi nawasha gari asubuhi ya Januari, oili imeganda kama asali, napeleka mtoto shule, naendelea kazini, na injini inaanza kupata joto ndipo naizima. Kwa safari za namna hiyo sipati hata kilomita 8 kwa lita. Na baada ya kumshusha mtoto niko peke yangu, nimezungukwa na viti sita vitupu.

Sasa chukua lile la kaka yangu kule Muheza. Injini yake ni ya zamani kuliko yangu kwa fikra: mafuta hayapulizwi moja kwa moja ndani ya silinda, yanaanzia kwenye kichumba cha pembeni, na joto jingi linapotelea humo. Kwenye lami likipata kilomita 8 kwa lita, mwenyewe anafurahi. Kutoka Dar hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 300. Weka lita 40. Gawa kwa watu tisa. Kila mmoja amesafiri kwa lita nne na nusu, mzigo wake ukiwemo, na wakati wa kurudi Dar mzigo huo ni machungwa. Kigari kidogo kipya cha Ulaya chenye kilomita 20 kwa lita, akipanda dereva peke yake, kingekula lita 16 kwa safari hiyo hiyo. Basi la Tanga linawashinda wote wawili, najua, lakini basi halikuingizi shambani.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa nyumbani hawakihesabu kama faida: matrafiki wenye tochi za kupimia mwendo. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na dereva aliyekwisha kulipa faini mara moja anaheshimu. Tunanung'unika, lakini gari lenye umbo la kabati huumizwa na upepo kuliko kitu chochote. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 112, ambayo ndiyo maili 70 zinazoruhusiwa kwenye barabara kuu za huku, upinzani unakaribia kuwa maradufu. Na dizeli inapenda mwendo mpole, kwa sababu hapo inavuta hewa tele na kupewa tone tu la mafuta. Ukiongeza kwamba lita ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, utaelewa kwa nini mzee wa 1HZ anatembea na mzigo bila kulalamika.

Tena serikali zetu mbili zinalitazama jambo hili kwa macho tofauti, na hapa naisifu ya nyumbani. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Ukiegesha, hulipi. Ukitembea, unalipa kwa kadiri unavyokunywa. Huku pia kila lita ina ushuru wake, na VAT juu yake, lakini bado nalipa kodi ya mwaka kwa hesabu ya gesi ya ukaa iliyoandikwa kwenye cheti cha gari. Liwe limelala nje wiki nzima, liwe limezunguka Scotland, kodi ni ile ile.

Kisha kuna London. Tangu Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambamo magari ya moshi mchafu hutozwa, limefunika mji wote, na dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, inalipa pauni 12.50 kwa siku. Nikienda kwenye harusi ya Mtanzania mwenzangu, kiingilio kinazidi thamani ya dizeli niliyochoma hadi kufika. Wenzangu wanaiita dhuluma. Mimi sioni hivyo. Moshi wa dizeli ni sumu, na kubana mafuta hakuufuti. Nyumbani ndipo tunapojidanganya: gari linatoa wingu jeusi mlimani, na fundi anasema dizeli ndivyo ilivyo. Sivyo. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia yakatoka bila kuungua vizuri. Nozeli za kupuliza mafuta zimechoka, au chujio la hewa limejaa vumbi. Na shangingi la V8 lenye mtu mmoja nyuma, limekwama foleni ya Kimara, Dar, kiyoyozi kinaunguruma, hilo sina namna ya kulitetea.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hawa vijana wetu wanaonunua dizeli za Euro 5, kiwango kilichotangulia Euro 6, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa London imezikataa, na kuzisafirisha Dar. Usukani uko kulia, viti ni saba, karatasi inasema halili mafuta. Ni kweli halili. Lakini lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, linalotaka safari ndefu ya moto ili lijisafishe, na injekta zisizosamehe mafuta yenye maji au uchafu. Ukiuziwa mafuta mabaya mara moja, akiba yako ya miaka miwili inakwenda kwa fundi. Mwisho fundi atakata chujio lile, na gari litakuwa limefika Tanzania ili litoe moshi ambao London iliukataa. Ongeza ushuru wa uchakavu bandarini, kisha uniambie umebana nini.

Langu nimelitangaza kuuza. Wanaopiga simu ni watu wa mashambani, wanataka la kuvuta tela la farasi, na swali lao la kwanza ni kama lina kulabu nyuma. La mafuta hawajaniuliza.