Kabla ya Betri ya Pili, Ongeza Paneli

Taa zikififia usiku wa manane chombo kikiwa nangani, ushauri utakaoupata kuanzia Shela hadi Mtwapa ni uleule: ongeza betri. Mimi nasema hapana. Ongeza paneli ya sola kwanza, na kama huna pa kuiweka, punguza matumizi.

Betri ya risasi, ile ya kawaida yenye asidi, hufa kwa njaa. Kila inapokaa bila kujaa, salfeti hujijenga kwenye mabamba yake, na ikishakuwa ngumu haiondoki tena kwa kuchaji kawaida. Ukifunga betri ya pili kwenye paneli ileile, umeme ambao haukutosha kujaza moja sasa unagawanywa kwa mbili. Zote zinakaa bila kujaa kwa mwezi mzima, kisha zote zinakufa.

Piga hesabu. Taa ya nanga ya LED, redio ya VHF, GPS, pampu ya ngama (sehemu ya chini ya chombo maji yanapojikusanya) na simu za mabaharia zinaweza kula saa-ampea (Ah) 25 hadi 30 kwa siku. Friji ndogo, kwa joto letu, inaweza kuongeza 40. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri huleta kama Ah 25 au 30. Kwa hiyo mwenye friji anahitaji wati 300, na wakati wa masika hata hizo hazitoshi. Asubuhi kabla jua halijapanda, zima kila kitu, iache betri itulie, kisha pima: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Usishuke chini ya hapo.

Tatizo kubwa la mashua ni tanga lenyewe. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, basi kivuli cha foromali, ule mti unaobeba tanga, au hata cha kamba nene kikikatiza juu yake, umeme unaopotea ni mwingi kuliko eneo lililofunikwa. Ndiyo maana napenda paneli mbili za wastani, moja kila upande wa shetri, nyuma ya chombo, na kila moja na kontrola yake (kifaa kinachodhibiti chaji), kuliko moja kubwa katikati. Tanga likiutia giza upande mmoja, wa pili unaendelea kufanya kazi. Zilaze bapa. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, na paneli iliyoinuliwa hukamata upepo bure.

Betri ya gari iache iwashe injini. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, si kulisha taa usiku kucha. Dukani, inua kabla ya kulipa: betri ya risasi ya kweli ya Ah 100 inakaribia kilo 30. Ikiwa nyepesi kama ya gari dogo, achana nayo, hata kama imeandikwa "sola".

Lithiamu ni habari nyingine. Ile ya chuma na fosfeti ina uzito chini ya nusu ya huo, unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji yake, na kukaa nusu hakuidhuru. Mwenye uwezo ainunue. Ila asiiunge moja kwa moja na jenereta ya injini: inavuta umeme mwingi kwa muda mrefu hadi jenereta inaweza kuungua. Weka chaja maalumu katikati yake, na kontrola ya sola iwe imepangwa kwa lithiamu.

Wenye betri za maji, ongezeni maji yaliyotoneshwa tu, kamwe si ya kisima. Pakeni vaselini kwenye vichwa, na sanduku likae juu ya ngama, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri hutoa gesi ya klorini, na chumbani gesi hiyo inaua. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huliwa na chumvi kimyakimya ndani ya mpira wake. Fyuzi ikae isizidi shibri moja kutoka kichwa cha chanya, maana waya ulio kabla yake hauna ulinzi, na moto baharini hauna pa kukimbilia.